Kupima Mwendo: Mwongozo Kamili wa Likizo ya Bustani ya Burudani kwa Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu

Safari yetu ya kwanza ya bustani ya burudani tuliiharibu wenyewe, na kilichotuponza ni tiketi. Tulikuwa tumelipia siku nzima, basi tukaitaka siku nzima. Mwanangu, ambaye ana usonji, alianza kuvuta kola ya shati lake kabla ya adhuhuri. Niliiona ile ishara nikaipuuza, maana gwaride la alasiri lilikuwa bado, na fataki za usiku zilikuwa bado. Saa kumi jioni alikuwa kifudifudi mlangoni mwa duka la zawadi, akipiga ukelele ambao sijausikia tena tangu siku ile. Siku mbili zilizofuata hakutaka hata kuvaa viatu. Tiketi ya siku tatu tuliitumia kwa saa saba.

Yafuatayo ni mambo tunayoyafanya sasa. Mengine tumefundishwa na mtoto wetu, mengine tumeyapata kwa wazazi ambao watoto wao wana mtindio wa ubongo, kifafa au hali ya Down. Humu nikisema bembea namaanisha chombo chochote cha kupanda, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi rola kosta.

Hatua ya 1: Pima saa ya mtoto

Kabla ya kununua chochote, nunua daftari. Wiki sita hivi kabla ya safari mpeleke mtoto mahali penye watu wengi na kelele: sokoni, kwenye sherehe, kwenye uwanja wa michezo. Andika mambo matatu: mmefika saa ngapi, dalili ya kwanza ya kuchoka imeonekana saa ngapi, na ameshindwa kabisa saa ngapi. Rudia angalau mara tatu, kwa siku tofauti.

Dalili ya kwanza ndiyo yenye thamani, na kila mtoto ana yake. Yupo anayeziba masikio, yupo anayenyamaza ghafla, anayeuma mkono, anayeanza kutembea kwa ncha za vidole. Yupo pia anayecheka kupita kiasi, na huyu huwadanganya wengi kwa sababu watu wazima hudhani anafurahi, wakazidi kumchangamsha. Kati ya dalili ya kwanza na kushindwa kabisa kuna mwanya. Kwa mwanangu ni dakika 20. Katika mwanya huo ndimo mtakamotoka, kwa hiyo ujue urefu wake.

Ukishapata wastani, punguza robo. Bustani ya burudani ina joto, muziki usiokoma na harufu ngeni, na mtoto hajui njia ya kutokea iko wapi. Akiweza saa tatu sokoni, mhesabie saa mbili na kidogo. Hicho ndicho kipande chako cha siku, na ratiba yote itajengwa kwa vipande hivyo.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembea mwenyewe, hesabu iko miguuni. Kutembea kunamla nguvu nyingi kuliko wenzake, na katika bustani kubwa kumaliza kilomita 10 kwa siku si ajabu. Chukueni kiti cha magurudumu hata kama nyumbani hakitumii. Najua wazazi wanaosita, wakiona kama wanamrudisha nyuma mtoto aliyehangaika miaka kujifunza kutembea. Lakini miguu iliyopumzishwa kwenye lami ndiyo itakayopanda bembea, na hakuna mtaalamu wa viungo atakayekulaumu kwa hilo.

Hatua ya 2: Chagua bustani kwa kusoma, usichague kwa picha

Bustani nyingi kubwa zina mwongozo wa wageni wenye ulemavu, na nyingine zina mwongozo wa hisia. Sesame Place ya Pennsylvania, Marekani, ilipothibitishwa mwaka 2018 kuwa kituo rafiki kwa wenye usonji, ilizipa bembea zake alama za 1 hadi 10 kwa kila mlango wa fahamu: kugusa, kuonja, kusikia, kunusa na kuona. Kuna bembea inayoonekana ya upole kabisa kumbe ina alama ya juu ya sauti, na kuna inayozunguka kwa kasi lakini kimya. Mwanangu anaipenda hiyo ya pili. Bila mwongozo nisingethubutu kumpandisha.

Iwapo bustani unayoitaka haina alama hizo, tengeneza zako. Video za watu waliopanda bembea zimejaa mtandaoni. Tazama moja ukiwa umefumba macho ili usikie kelele tu, kisha itazame tena bila sauti ili uone giza na mimweko ya taa.

Ukubwa nao ni jambo. Walt Disney World ya Florida ni bustani nne zilizotawanyika kiasi cha kuhitaji basi kutoka moja hadi nyingine. Kwa safari ya kwanza ni mzigo. Anza na ndogo. Mfano wa pekee ni Morgan's Wonderland ya San Antonio, Texas, iliyofunguliwa mwaka 2010 na Gordon Hartman kwa ajili ya binti yake mwenye ulemavu. Pale mwenye ulemavu haulizwi kiingilio, na bembea zake zilibuniwa tangu mwanzo zikimfikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 2017 waliongeza bustani ya maji yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ili umeme na maji visikutane.

Angalia pia vimo. Vipimo vinavyokutana nawe sana ni sentimita 102, 112 na 122. Mpime mtoto nyumbani akiwa na viatu, usije ukamwahidi kitu halafu akakataliwa mlangoni. Kwa anayetumia kiti, soma kama bembea inampokea na kiti chake au lazima ahamishwe, kwani kumhamisha mtoto wa kilo 30 mara kumi kwa siku ni kazi ya mgongo wako.

Hatua ya 3: Maliza suala la foleni ukiwa nyumbani

Foleni ndiyo inayowashinda wengi kuliko bembea zenyewe. Kila bustani ina utaratibu wake, na hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti yao mwezi mmoja kabla na uisome tena wiki moja kabla. Disney ya Marekani ina huduma iitwayo Disability Access Service, au DAS kwa kifupi. Masharti yake yalikazwa mwaka 2024: imelengwa kwa wageni ambao kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji, kama usonji na hali zinazofanana nao, hawawezi kukaa muda mrefu katika foleni ya kawaida, na maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video. Bustani za Six Flags na Universal za Marekani hutaka kwanza ujisajili kupata kadi ya ufikivu ya IBCCES, shirika linalothibitisha vituo rafiki kwa wenye usonji, jambo la kufanya siku kadhaa kabla. Uingereza, bustani za kampuni ya Merlin kama Alton Towers zina kibali cha namna hiyo kiitwacho Ride Access Pass.

Mtakapohojiwa, usisimame kwenye jina la hali ya mtoto. Eleza kinachotokea foleni ikizidi robo saa: anajigonga, anakimbia, anawasukuma walio mbele. Wahudumu wanaamua kwa kuangalia foleni inamfanya nini, na mtoto mwenye usonji anayesubiri vizuri yupo. Usione haya kutaja mambo magumu. Usitie chumvi pia.

Fahamu kuwa huduma hizi kwa kawaida hazifuti kusubiri. Hukupa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni, nanyi mnasubiri kwingine. Hapo pana faida ambayo familia nyingi huitupa: wakipewa dakika 40, wanakimbilia bembea nyingine ndogo. Sisi tunakaa kivulini. Ule muda wa kusubiri ndio pumziko letu, na limejipanga lenyewe.

Uliza pia kuhusu kupokezana. Bustani nyingi huruhusu mzazi mmoja apande huku mwingine amebaki na mtoto, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya. Huu ni wokovu kwa ndugu wakubwa wanaotamani rola kosta.

Hatua ya 4: Mwone daktari na uulize maswali haya

Mtoto mwenye hali ya Down anaweza kuwa na ulegevu kati ya mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo. Bembea inayomrusha au kumtikisa ghafla haifai bila daktari kuthibitisha kwamba shingo iko salama.

Kwa kifafa, uliza kama mshtuko wa mtoto huamshwa na mwanga. Wengi hauwahusu, ila kwa wanaohusika mimweko ya mara 3 hadi 30 kwa sekunde ndiyo hatari zaidi. Akijikuta ghafla kwenye taa hizo, mzibe jicho moja kabisa kwa kiganja na umgeuze uso upande mwingine. Kufumba macho tu hakusaidii. Na joto lisisahaulike: baadhi ya dawa za kifafa, kama topiramate, hupunguza jasho, hivyo mwili hupata moto bila dalili ya kulowa. Mtoto wa namna hiyo anyweshwe maji kwa saa zilizopangwa, bila kungoja kiu, na apakwe maji shingoni na mikononi.

Mkivuka kanda za saa, panga na daktari namna ya kuhamisha saa za dawa kidogo kidogo. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Vituo vya huduma ya kwanza katika bustani kubwa mara nyingi hutunza dawa zinazohitaji ubaridi na huwa na pa kujinyoosha. Kijue kilipo kabla hamjakihitaji.

Hatua ya 5: Mwandae mtoto

Tengeneza kitabu cha picha chenye kurasa kama kumi: gari au ndege, kitanda cha hoteli, lango, foleni, bembea mbili au tatu, mahali pa kupumzikia, na ukurasa wa kurudi nyumbani. Kisomeni kila usiku kwa wiki mbili. Weka ukurasa mmoja wenye alama ya kuuliza. Huo ndio ukurasa wa mambo yanayobadilika: bembea imeharibika, mvua imenyesha, mhusika aliyevaa kinyago hayupo. Bembea hufungwa kila siku kwa sababu hizo, na mtoto aliyezoea kuona alama ile kwenye kitabu huivumilia kuliko aliyeahidiwa treni ya bluu saa nne kamili.

Fanyeni mazoezi ya kuvaa vizuia sauti vya masikioni. Vilivyo bora hupunguza desibeli 20 hadi 30, lakini mtoto anayevivaa kwa mara ya kwanza katikati ya kishindo atavitupa. Fanyeni mazoezi ya bangili pia, kwa kuwa bustani nyingi humvalisha mgeni kitu mkononi na watoto wengine hawavumilii kitu kinachogusa kifundo.

Kuna vitu viwili vidogo ambavyo miongozo mingi huvisahau. Choo kinachojivuta maji chenyewe kimewatisha watoto wengi kuliko nyumba ya mizimwi: beba karatasi za kunata na uzibe kijicho kinachohisi mtu kabla hajakaa. Na mashine ya kukaushia mikono ipo karibu kila choo, kwa hiyo vaeni vizuia sauti kabla ya kuingia.

Kwa mtoto anayetoroka, mpige picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Namba ya simu iwe mwilini mwake, kwenye bangili au imeandikwa mkononi. Akipotea, mtu mmoja akimbilie maji kwanza, yaani bwawa, chemchemi, mto wa bandia, huku mwenzake akimwita mhudumu. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji.

Hatua ya 6: Panga siku kwa vipande

Siku ya kufika msifanye lolote. Mwonyeshe chumba, bafu, kitanda chake, mle chakula alichokizoea, mlale.

Siku ya 1 ya bustani iwe na kipande kimoja tu, na msiwe na lengo zaidi ya kuzunguka, kupanda bembea mbili za upole na kuonana na mahali pa kupumzikia. Mnatoka angali anataka kubaki. Hapa wazazi hupata uchungu kweli. Tiketi inawaka mfukoni. Vumilieni. Methali za mwendo wa taratibu tunazo tele, ila mbele ya lango la bustani hakuna anayezikumbuka.

Siku ya 2 inaweza kuwa na vipande viwili, asubuhi na jioni, katikati mmerudi chumbani kwa saa tatu au nne. Siku ya 3 ni ya mapumziko kamili, bila bustani. Wengi huiweka siku hii mwishoni, ikawa haina kazi tena. Iwekeni katikati, na msiijaze safari za maduka. Siku ya 4 hurudi kwenye vipande viwili. Kwa hiyo ukitaka siku tatu za bustani, hesabu usiku tano, na kama mfuko hauruhusu, punguza siku za bustani, usipunguze mapumziko.

Chumba kilicho karibu na lango kina thamani kuliko chenye bwawa zuri. Safari ya dakika 50 kurudi hotelini adhuhuri itakufanya useme "tubaki tu," na ukishasema hivyo mpango umekufa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fikeni nusu saa kabla ya kufunguliwa. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye foleni fupi, hewa ya baridi na sauti ndogo, na kwa mtoto wako zina uzito kuliko saa sita za alasiri. Kila mwanafamilia achague jambo moja tu la lazima. Cha mtoto huyu kiwe cha kwanza.

Baada ya hapo badilishana: bembea yenye kelele, kisha dakika 15 za utulivu, ya mwendo, kisha ya kukaa. Msingoje dalili ndipo mpumzike. Mtoto akipumzishwa kabla ya kuchoka hurudi mzima; akipumzishwa baada ya kuchoka, saa moja haimtoshi. Mahali pa utulivu ni pamoja na vyumba vya kuwahudumia watoto wachanga, upande wa nyuma wa migahawa mikubwa, na treni ya kuzunguka bustani kama ipo. Treni ile ni hazina: mnakaa, upepo unapita, hakuna anayewaharakisha. Tumewahi kuizunguka mara nne mfululizo, na ukiniuliza ilikuwa siku mbaya au nzuri, mwanangu aliiita "siku ya treni" kwa mwaka mzima.

Kuleni saa tano badala ya saa saba, migahawa ingali mitupu. Bebeni chakula alichokizoea. Bustani nyingi huruhusu kwa sababu za kiafya, mradi umueleze mlinzi anayekagua mikoba. Gwaride litazameni mwishoni mwa njia yake, ambako watu ni wachache na mnaweza kuondoka bila kuvuka kamba. Fataki zitazameni mkiwa nje ya bustani au dirishani hotelini: rangi zile zile, kishindo nusu.

Na akiomba kurudia bembea moja mara sita, mpandisheni mara sita. Kuona kila kitu ni tamaa yetu sisi watu wazima.

Akilipuka

Itatokea, hata mpango ukiwa mzuri. Mtu mmoja tu aongee naye, kwa maneno machache. Mwingine awazuie watazamaji kwa kusimama kati yao na mtoto. Usimwulize maswali. Usimtajie bembea wala zawadi. Ondoeni mwanga na sauti kwanza, hata kwa kumfunika na shuka jepesi kwenye kiti chake. Mhudumu akija, ombeni njia ya nyuma ya wafanyakazi au chumba cha huduma ya kwanza. Sisi tuliwahi kutolewa kwa mlango ambao wageni hawauoni, na tukafika garini bila kupita katikati ya umati.

Akitulia, siku ya bustani imekwisha. Atasema anataka kurudi, na pengine anataka kweli, lakini akiba yake imeisha. Rudini chumbani.

Ndugu zake, nanyi

Dada au kaka asiye na mahitaji maalumu apewe kipande chake mwenyewe, na mzazi mmoja, bila simu ya "mko wapi." Alasiri ambayo mwenzake amelala chumbani ndiyo inayofaa. Nanyi wazazi pokezaneni kwa saa mbilimbili. Asiye zamu asiamue lolote. Mzazi aliyechoka ndiye husema "bembea moja ya mwisho."

Mkirudi nyumbani, acheni siku mbili kabla ya shule na kazi. Katika siku hizo, kumbukumbu zingali mbichi, fungua lile daftari uandike. Letu la safari iliyopita lina ukurasa mfupi:

Siku ya 1, saa 4:40 asubuhi, kola.
Siku ya 2, saa 4:55, kola.
Siku ya 4, saa 5:20, kola. Alisema mwenyewe, "Treni."